Miaka minne kwa tajiri, minne kwenye jengo la vioo

Mwaka huu vijana watatu wa ukoo wetu wamemaliza chuo, na wote wameniuliza swali moja: "Dada, nianze na kampuni ndogo au nisubiri kubwa?" Wanataka niwaambie habari za mshahara. Mimi huanza na habari za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wakaona nawapotezea muda. Basi acha niyaandike yote mara moja, yaliyonipata huku na yaliyonipata kule, na makosa niliyoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilianza kazi Februari 2012 kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, yaani ya kuwatolea watu mizigo bandarini, ghorofa ya pili, mtaa mmoja nyuma ya Samora, Dar. Tulikuwa watu saba ukimhesabu na mlinzi. Nilikuwa nimetoka Chuo cha Kodi pale Mwenge na diploma yangu mkononi, nikijiona najua ushuru wote wa dunia. Mwenye kampuni tulimwita Mzee akiwepo, tajiri akiwa hayupo. Usaili wangu ulichukua dakika kumi. Aliniuliza natoka wapi, nikasema Muheza. Akaniuliza kama namjua mzee fulani mwenye mashine ya kukoboa, nikasema mama yangu anasali naye. "Basi njoo Jumatatu, binti." Mshahara laki tatu na nusu. Mkataba sikupewa na sikuuliza. Niliona kuuliza ni kumwambia mtu mzima usoni kwamba simwamini.

Nilidhani nimeajiriwa kuandaa nyaraka. Kumbe asubuhi naandaa nyaraka, saa nne niko kwa wakala wa meli kufuata D.O., ile hati ya kuruhusu mzigo utolewe, mchana nimesimama bandarini kusubiri kontena lifunguliwe likaguliwe, na jioni napigiana kelele kwenye simu na dereva wa lori aliyekwama Tazara. Chai ya Mzee pia niliichemsha mimi, na kusema kweli hiyo ndiyo kazi pekee ambayo hakuna aliyewahi kunilaumu.

Lakini hapo ndipo nilipojifunza kazi. Kulikuwa na mzee mmoja wa makaratasi, alikuwa kwenye fani tangu enzi za kujaza fomu kwa taipureta. Alikuwa akichukua invoisi, anavua miwani, anaisogeza karatasi karibu na pua, halafu ananiambia: "Usisome jina la bidhaa. Soma imetengenezwa kwa nini, inafanya kazi gani." Maana bidhaa moja ukiiweka kwenye fungu la ushuru wa asilimia 10 wakati ni ya 25, mteja atafurahi leo, na nyote mtalia siku TRA, watu wa mapato, watakaporudi kukagua mafaili ya nyuma. Ukiiweka kwenye 25 wakati ni ya 10, mteja analia leo leo. Na kwa kuwa VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wake, kosa la kwanza linazaa la pili. Chuoni niliyasoma haya nikapata alama nzuri. Kwa yule mzee niliyaelewa.

Mwaka 2014 TRA walipoleta TANCIS, mfumo wa kompyuta wa kazi za forodha, Mzee aliangalia ofisi nzima akaona hakuna mwingine wa kumpeleka kwenye mafunzo. Nikaenda mimi. Kwa miezi kadhaa kampuni nzima ilisimama kwenye nywila yangu. Nikiumwa, makontena yanaumwa. Nilikuwa na miaka 25. Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni ndogo haina cha kukufundisha, huwa namwacha amalize kunywa chai yake.

Novemba mwaka huo mama yangu akafariki. Sikuwa na akiba ya maana. Nilimpigia Mzee saa kumi na moja alfajiri, akaniuliza kitu kimoja tu, mwili uko wapi. Saa tatu asubuhi kulikuwa na Coaster na gari la kubeba mwili, jeneza limelipwa, na yeye mwenyewe amevaa kanzu amekaa kiti cha mbele. Alikaa nasi mkekani Muheza mpaka tukazika, akarudi Dar usiku uleule kwa sababu kulikuwa na meli. Kwenye mshahara wangu haikukatwa hata senti moja.

Naomba ulikumbuke hilo, maana linalofuata ni la mtu yuleyule.

Katikati ya 2015 nilikuwa mjamzito wa miezi sita, nikaenda NSSF kuuliza fao la uzazi. Kila mwisho wa mwezi Mzee alitulipa kwa bahasha ya kaki, na juu ya bahasha mhasibu aliandika kwa kalamu: mshahara, NSSF, kodi, kilichobaki. Kwangu ilikuwa NSSF 35,000 kila mwezi, baadaye 45,000 mshahara ulipopanda. Yule dada wa kaunta aliingiza namba yangu, akatazama, akanyamaza, halafu akaigeuza skrini upande wangu. "Dada, umefanya kazi tangu lini?" Nikamwambia miezi 41. Kwenye skrini kulikuwa na mistari 14. Akaizungushia kipanya ile nafasi iliyobaki nyeupe, taratibu, kama mtu anayefuta meza. Kwa hesabu hiyo sikuwa nimefikisha idadi ya michango inayotakiwa.

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Nusu inaweza kukatwa kwako, nusu anaitoa mwajiri. Kwa hiyo miezi 27 alikuwa amenikata fungu langu akakaa nalo, na lake hakuweka. Nilirudi ofisini nimejiandaa kugombana. Mzee alinisikiliza, akavua kofia, akasema, "Mwanangu, biashara iliyumba. Nitalipa." Na mimi, niliyekuwa bado naliona lile jeneza, nikajibu, "Sawa, Mzee."

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote. Mwenzetu mmoja, mtu wa kupeleka nyaraka, ambaye elimu yake ilikuwa darasa la saba, hakusema sawa. Alikwenda moja kwa moja kwa wakaguzi wa NSSF na bahasha zake zote kwenye mfuko wa plastiki. Wakaja ofisini. Alilipiwa michango yake yote ndani ya miezi michache, tena Mzee hakumfukuza, alimnunia wiki mbili yakaisha. Mimi mwenye diploma niliona aibu. Bahasha nilikuwa nimebakiwa nazo tisa, zingine nilifungia maandazi. Michango yangu ilikuja kulipwa kwa mafungu, na mpaka leo kuna miezi ambayo haipo.

Likizo ya uzazi ni siku 84, hiyo ni sheria. Siku ya 60 Mzee akapiga simu. "Mwanangu, meli imeingia." Nikaenda na mtoto. Alilala juu ya katoni la karatasi za A4 chini ya meza yangu, na Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpepea na gazeti. Ukiniuliza kama nilionewa au nilipendwa, nitakwambia ilikuwa mchana mmoja na mtu mmoja.

Mwaka 2016 nikapata nafasi kwenye kampuni kubwa ya kimataifa ya usafirishaji, tawi lake la Dar. Jengo la vioo, lifti inaongea. Usaili ulikuwa wa awamu tatu, ukachukua miezi miwili na nusu. Awamu ya mwisho dada wa rasilimali watu akaniuliza, anatabasamu: "Unategemea mshahara wa kiasi gani?" Nikajibu haraka, laki saba, moyo ukinidunda kwa tamaa yangu. Akaandika bila kuinua macho. Nilipaswa kujua papo hapo kuwa nimejiuza rahisi. Miezi mitano baadaye nilikuta karatasi imesahauliwa kwenye printa: mwenzangu wa meza ya pili, kazi ileile, milioni moja na laki moja na nusu. Kampuni za namna hii zina ngazi za mishahara zilizoandikwa. Ukitaja chini ya ngazi hawakupandishi kwa huruma, na ongezeko la kila mwaka ni asilimia ya kile ulichoanza nacho, kwa hiyo lile pengo halizibiki, linakua nawe. Siku hizi nikiulizwa najibu, "Nafasi hii imepangiwa kati ya kiasi gani na kiasi gani?" halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Halafu hata zile laki saba sikuziona. Baada ya NSSF na kodi zilibaki laki tano na hamsini na kitu. Kwa Mzee nilikuwa nimefika laki nne na nusu, na Ijumaa alitugawia nauli, na wali maharage wa mama ntilie ulikuwa 2,000. Kule kwenye vioo chakula cha mchana hakishuki 7,000, viatu lazima vifanane na mkoba, na kila mwezi kuna keki ya mtu. Miezi sita ya mwanzo mfukoni nilikuwa sina tofauti na zamani, ila nanukia vizuri.

Kuhusu kazi yenyewe, siku tisa za kwanza sikufanya chochote kwa sababu nywila yangu ilikuwa haijatoka makao makuu, Ulaya. Nilikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa nikisoma kitabu cha kanuni za kampuni. Meneja wangu alikuwa kijana mdogo kwangu. Siku ya kwanza nikamwamkia shikamoo kwa mazoea ya heshima ya ofisi, akacheka, "Dada, niite tu jina langu." Sikuweza. Kwa miezi minne sikumwita chochote. Nilikuwa nasimama mbele yake nakohoa.

Kwa Mzee nilikuwa naushika mzigo tangu hati ya meli mpaka lori linatoka getini. Hapa nilipewa kipande kimoja: kuingiza taarifa za wateja wanne kwenye mfumo. Aliyeamua bidhaa ni ya fungu gani alikuwa mwingine, aliyezungumza na mteja mwingine, aliyekwenda bandarini simjui hata sura. Mwezi wa saba nikaona kosa. Bidhaa ya mteja mmoja imewekwa fungu ambalo yule mzee wa miwani angelitupa chini. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikampigia mteja, nikampigia ninayemjua forodhani, tukarekebisha, kontena likatoka siku ileile kabla tozo za kuhifadhi hazijaanza. Nikarudi mezani nasubiri kupongezwa.

Baada ya siku tatu nikaitwa kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi kikali. Meneja, dada wa rasilimali watu, glasi ya maji mbele yangu, karatasi moja. Onyo la maandishi. Nilikuwa nimebadilisha tamko la forodha bila idhini ya maandishi. Kumbe lile fungu mteja alikuwa amelikubali kwa barua miaka miwili nyuma, na mabadiliko yangu yalifungua maswali ya mizigo yote iliyotangulia. Dada yule alinigeuzia karatasi, akaweka kalamu juu yake, kidole chake kwenye mstari wa sahihi. "Hapa, na hapa." Nikatia sahihi. Hakuna aliyenipigia kelele. Nilitamani mtu anipigie kelele, kwa sababu kwa Mzee kelele zilikuwa zinaisha saa sita mchana, na karatasi ile ilikaa kwenye faili langu mwaka mzima ikanikosesha ongezeko.

Ningekuwa najua, nisingesaini pale pale. Ningeomba nakala, nikaomba siku moja, nikajibu kwa maandishi kwamba nilichofanya kiliokoa tozo na ni kosa gani nililoliona, nikaambatisha invoisi. Kusaini kwamba umepokea si kusaini kwamba umekubali, unaweza kuyaandika maneno hayo kando ya sahihi yako. Tangu siku hiyo kila nikimaliza kuongea na mtu kwenye simu namwandikia barua pepe ya mistari miwili: "Kama tulivyoongea saa nne asubuhi, umesema nifanye hivi." Wenzangu walinicheka. Mwaka 2019 mistari hiyo miwili ilimwokoa mmoja wa walionicheka.

Nisiwaseme vibaya tu. Mwaka 2018 mwanangu alilazwa kwa nimonia siku tano. Nilitoa kadi ya bima dirishani, nikasaini, nikaenda wodini. Hakuna niliyempigia. Najua Mzee angelipa, lakini ningepiga simu, ningeeleza, sauti ingetetemeka. Siku zangu 28 za likizo nilizipata zote kila mwaka, na simu haikulia. Meli ziliingia bila mimi, jambo ambalo lilinifurahisha mwaka wa kwanza na kunitia wasiwasi mwaka wa tatu.

Wasiwasi wenyewe ulikuwa na haki. Agosti 2020, kwenye ile hali ya korona, makao makuu yakaamua kupunguza watu. Tulielezwa kwa mkutano wa video na mtu ambaye nyuma yake kulikuwa na rafu ya vitabu. Barua ikaja kwa Kiingereza, jina langu limekosewa herufi mbili. Miaka minne, na jina. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kusaini.

Lakini fedha zilikuja tarehe waliyosema: mshahara wa mwezi wa notisi, likizo iliyobaki, kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na cheti cha utumishi. NSSF niliangalia siku hiyo hiyo. Miezi yote ilikuwepo, hakuna hata mmoja ulioruka. Mwenzangu mmoja aliona hesabu yake ya likizo imepunjwa. Aliendelea kuandikiana nao barua pepe za adabu kwa miezi mitatu, alipokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akaambiwa amechelewa. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu, madai mengine siku 60. Adabu yake ilimla muda.

Nilikaa nyumbani mpaka mwanzoni mwa 2021. Usaili mmoja sitausahau. Mzee mmoja mwenye kampuni ya saizi ya kati alinisukumia hati ya meli mezani. "Hili kontena ni lako. Unaanzia wapi?" Nikaanza vizuri, nikakwama katikati. Kwa miaka minne nilikuwa nimejua skrini moja. Taratibu za bandarini zilikuwa zimebadilika, watu niliowajua wamehamishwa. Nilimwambia ukweli kuwa nimetoka mchezoni, nikaomba wiki mbili za kuzunguka na vijana wake bure. Nilirudi bandarini na viatu vya jengo la vioo, siku ya pili kisigino kikabaki kwenye shimo, nikanunua raba Kariakoo.

Wiki mbili zilipoisha walionekana kunihitaji, kwa hiyo kabla ya kuanza kazi nikaomba mambo manne. Mkataba wa maandishi kabla ya siku ya kwanza. Mshahara uandikwe kabla ya makato. Bima hata kama ni ya kiwango cha chini, mimi na mtoto. Na risiti ya michango ya NSSF ibandikwe ukutani kila mwezi, wote tuione. Mbili za kwanza alikubali hapo hapo, bima ilichukua mwaka. Hiyo ya ukutani alicheka. "Unanifananisha na nani?" Sikumtaja.

Tuko watu 19 sasa. Nasimamia vijana wanne, na nimewapangia kila mmoja aushike mzigo mmoja mzima kwa mwezi, tangu hati mpaka getini, hata kama inatuchelewesha. Bosi analalamika, anaacha. Bahasha hakuna tena, mshahara unaingia benki na salari slipu inakuja kwenye simu, na michango ya NSSF pia unaweza kuiangalia humo humo kwenye simu ukiwa kituoni. Mimi naiangalia katikati ya kila mwezi. Juzi bosi alinikuta kwenye ngazi nimeinamia simu, akaona rangi ya skrini, akasimama.

"Miaka yote hii, dada, bado huniamini?"

"Nakuamini, bosi," nikamwambia, nikaendelea kushusha mistari kwa kidole. "Ya Machi haijaingia."